Mbio za Aintree, na swali langu kwako Mjomba

Liverpool, Aprili 2025

Kwa Mjomba,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Sisi huku wazima, baridi imeanza kulegea. Mama kaniambia umeziona mbio za farasi kwenye simu ya Omari, ukauliza Waingereza wana akili gani kumrusha mnyama juu ya kichaka kinachomfika kifuani. Ngoja nikueleze.

Zile ni Grand National, na hukimbiwa Aintree, vituo vichache vya treni kutoka ninapokaa. Ni karibu kilomita 7 na viunzi 30. Zilianza 1839, na mwaka huohuo Kapteni Becher alitupwa na farasi wake akaangukia kijitoni. Kiunzi cha hapo kinaitwa Becher's Brook hadi leo. Huku mtu huanguka mara moja akatajwa miaka 186! Wiki ya mbio, kazini kwetu watu hutia pauni kwenye bahasha, kila mmoja akachomoa jina la farasi. Mimi wameshanizoea, bahasha hunipita bila kusimama.

Ugomvi wao juu ya farasi wanaokufa ni wa zamani. Mwaka 1989 farasi wawili walikufa hapo Becher's Brook, kijito kikafukiwa kiasi. Mwaka 2012 wakafa wengine wawili, na mmoja wao, Synchronised, alikuwa ametoka kushinda Gold Cup ya Cheltenham, mbio nyingine kubwa, mwezi mmoja kabla. Baada ya hapo walitoa mbao ngumu zilizokuwa ndani ya viunzi, wakatia plastiki inayopinda, juu wakafunika kwa matawi mabichi kama kawaida. Ukitazama kwa mbali huoni tofauti yoyote, ila farasi akigonga kwa miguu, kiunzi kinampisha.

Mwaka 2023 waandamanaji wanaotetea wanyama waliingia uwanjani, mbio zikachelewa, polisi wakakamata watu zaidi ya 100. Zilipoanza, farasi Hill Sixteen akafa kwenye kiunzi cha kwanza. Hapo ndipo wenye uwanja walipokaza. Kuanzia 2024 farasi hawazidi 34, zamani walikuwa 40. Kiunzi cha kwanza kimesogezwa karibu na mstari wa kuanzia kwa mita kama 55, na kiunzi cha 11 kimepunguzwa inchi mbili.

Watu wote wanabishania urefu wa viunzi. Mimi naona hizo inchi mbili si kitu. Kinachoua ni kasi na msongamano: farasi wengi wanafyatuka pamoja, wapandaji wanagombea nafasi, wanakifikia kiunzi cha kwanza wakiwa mbio kupita kiasi, na aliye nyuma haoni anachoruka. Kukisogeza kiunzi kile ndiko kulikokuwa na akili. Mwaka 2024 walikimbia farasi 32, wapandaji wachache walitupwa chini, lakini farasi hakuanguka hata mmoja.

Wazee wa mchezo wanasema hizi si National tena. Lakini mwaka 1929 walikimbia farasi 66, na sijamsikia mtu anayetaka hao 66 warudi. Kila kizazi kinashikilia zile mbio kilizozikuta utotoni, basi.

Ila mwaka huu limetokea jambo lisilotibika kwa plastiki. Farasi Celebre d'Allen, wa miaka 13, alikuwa mbele kabisa viunzi vikikaribia kwisha, kisha akaishiwa. Baada ya kiunzi cha mwisho akaanguka, na siku chache baadaye akafa. Mpandaji wake alifungiwa siku 10, wakisema aliendelea kumkimbiza wakati mnyama hana tena cha kutoa. Wengine wanamtetea, kwamba kutoka juu ya tandiko, katika kelele zile, hajui kitu.

Ndiyo maana nakuuliza wewe uliyekimbiza punda ufukweni wakati wa Maulidi. Nakumbuka ulivyomvuta yule wako wa kijivu pembeni akiwa wa pili, watu wakakuzomea, wala hukujibu. Uliona nini? Masikio, pumzi, au namna anavyotupa miguu? Maana sisi tuliokuwa tunatazama tulimwona anakimbia vizuri tu.

Nijibu kwa sauti, Mjomba. Omari akikuandikia hukata nusu ya maneno yako akaweka ya kwake.

Salamu kwa wote nyumbani.

Mpwa wako,
Mwanaisha