Risasi kuingia kwenye chemba si ruhusa ya kuifyatua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa mkoa wa Tanga, hasa wa Muheza, Korogwe na Handeni, wanaomiliki kihalali bunduki za kurithi kwa ajili ya kulinda mashamba, kuhusu kutumia risasi isiyolingana na mtutu, jambo lililomgharimu shemeji yangu jicho lake la kulia.

Bunduki yake aliirithi kwa marehemu baba yake, ambaye naye aliipata kwa mzungu wa shamba la mkonge. Ni ya Kijerumani, ya muundo wa mwaka 1888, iliyotengenezwa kwa vita na baadaye ikapunguzwa mti na kufupishwa mtutu ili iwe ya kuwindia. Ilikaa miaka mingi bila risasi. Alipopata risasi chache zinazoitwa za milimita 8, zikaingia kwenye chemba, bolti, yaani komeo la chuma linaloziba chemba kwa nyuma, ikafunga baada ya kusukumwa kidogo kwa kiganja, naye akaridhika. Usiku nguruwe walipovamia mahindi alifyatua mara moja tu, na gesi ya moto ikarudi nyuma ikampiga usoni. Bolti iligoma kabisa. Niliifungua nikiwa karakana kwa nyundo ya mbao, na ganda lililotoka lilikuwa na tundu mahali pa fataki, yaani kiwashio cha baruti kilicho kitakoni mwa ganda, shaba yake imesambaa kwenye uso wa bolti kama nta iliyoyeyuka.

Mimi ni fundi mitambo mstaafu, kwa hiyo nilipitisha kipande cha madini laini ya risasi ndani ya mtutu ule ili kichukue umbo lake, nikakipima kwa mikromita, ndipo nilipoelewa kwamba mtutu ulikuwa mwembamba kuliko risasi aliyoipiga. Wajerumani walipoanza na bunduki hiyo, kichwa cha risasi kilikuwa na kipenyo cha milimita 8.08, mwanzoni mwa karne ya 20 wakaleta kichwa kipya chenye ncha kali, cha milimita 8.22, chenye mwendo mkali zaidi, lakini ganda likabaki na urefu ule ule wa milimita 57. Tofauti ni milimita 0.14, ambayo kwa jicho huwezi kuiona, ila chuma kinaiona, kwa sababu kichwa kinene kikilazimishwa kupita katika mtutu mwembamba shinikizo hupanda kuliko bolti ya zamani ilivyokusudiwa kubeba. Kwenye masanduku ya leo risasi nyembamba huandikwa 8x57 I au J, na nene huandikwa IS au JS. Herufi S hiyo ndiyo ya kuitafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Wala herufi S iliyogongwa juu ya chemba ya bunduki yenyewe isimtulize mtu, kwa kuwa bunduki nyingi za mwaka 1888 zilibadilishwa miaka ya baadaye zipokee risasi mpya, na chuma chake kikabaki kile kile cha zamani.

Hapa kwetu watu husema tu "bunduki ya Mjerumani", na jina hilo halimsaidii mnunuzi wa risasi. Katika vita vya Tanga vya Novemba 1914 askari wengi wa upande wa Wajerumani walibeba bunduki za muundo wa mwaka 1871, za milimita 11 na baruti nyeusi yenye moshi mzito. Wengine walikuwa na zile za mwaka 1898, na baada ya ushindi wakaokota za Waingereza pia, zenye risasi tofauti kabisa. Anayetia baruti ya kisasa katika gobore au katika bunduki ya baruti nyeusi anajitafutia maafa yale yale.

Risasi zenyewe nazo huzeeka, na joto na unyevu wa pwani yetu huzizeesha haraka. Ganda lenye ukoga wa kijani au ufa shingoni, au baruti inayonuka uchachu, visitumike. Ukifyatua isilie, elekeza mtutu mahali salama na usubiri dakika nzima kabla ya kugusa bolti, kwani fataki mbovu huweza kuwasha baruti kwa kuchelewa. Ikilia "pu" hafifu, usipige nyingine hadi umehakikisha mtutu hauna kitu, maana kichwa cha kwanza huenda kimekwama humo, na cha pili kitaupasua.

Ofisi niliyomsindikiza shemeji kuhuisha leseni ilikagua namba ya bunduki na jina la mmiliki, basi. Ninaomba wahusika waongeze kipimo cha mtutu kwa fundi mwenye ujuzi, na aina kamili ya risasi iandikwe kwenye leseni na kwenye kibao kidogo cha shaba kitakoni. Kibao cha namna hiyo nimekwisha kukipigilia kwenye bunduki ya shemeji, ingawa sasa haitapigwa tena.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga.