Wingi wa ndege si ushahidi kwamba maji ya kando ya kiwanda ni salama

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie mjadala kuhusu ardhioevu zilizofufuliwa kando ya viwanda, na hasa kuhusu watu wanaozitembelea na darubini zao katika miezi ya kiangazi cha nchi za kaskazini, yaani Juni hadi Agosti. Wenye viwanda hupenda kuonyesha picha za buabua na bata waliojaa mabwawani kana kwamba ni cheti cha usafi wa maji. Kwa maoni yangu, wingi huo unathibitisha tu kwamba hapo pana maji, tope na chakula. Usalama wa maji unahitaji ushahidi mwingine, na kiangazi, msimu wa viota, ndio wakati wa kuutafuta.

Sisemi haya kwa kubeza kazi ya kufufua ardhioevu. Hifadhi ya Saltholme, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ilifunguliwa mwaka 2009 katika eneo la viwanda vya kemikali la Teesside, na buabua huzaliana huko huku minara ya viwanda ikionekana nyuma yao. Ni kazi ya kupongezwa.

Hata hivyo, yaliyotokea Kesterson, katika jimbo la California nchini Marekani, hayapaswi kusahauliwa. Mabwawa yale yalipokea maji yaliyochujika kutoka mashamba ya umwagiliaji ya bonde la San Joaquin, huku yakiwa pia hifadhi ya wanyamapori, na ndege wa majini wakaja kutaga. Mwaka 1983 watafiti waliochunguza viota walikuta viinitete na makinda wenye kasoro za kutisha, wengine bila macho, wengine wenye midomo na miguu isiyokamilika. Chanzo kilikuwa seleniamu, elementi yenye sumu ikizidi mwilini, iliyotoka ardhini pamoja na maji ya mashamba, ikajilimbikiza katika mimea na wadudu, kisha ikaingia katika mayai ya ndege waliowala. Mwaka 1988 sehemu za chini za mabwawa hayo zilifukiwa kwa udongo. Ni kweli kwamba uchafu ule ulitoka mashambani na si kiwandani, lakini sumu haibadili tabia kwa sababu ya mlango iliotokea. Mtazamaji aliyesimama ukingoni na kuhesabu ndege wazima tu angejaza daftari lake na kurudi nyumbani ameridhika.

Kuna kasoro nyingine katika hesabu za kiangazi ambayo haitajwi sana. Chekeamwezi, ndege wahamao wanaotafuta chakula matopeni, waliokwisha kuzaa kaskazini zaidi, au walioshindwa kuzaa, huanza safari ya kurudi kusini mapema, baadhi yao tangu mwishoni mwa Juni, na ifikapo Agosti wengine huwa wamekwisha kutua katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo idadi ya ndege katika bwawa la kiwanda inaweza kupanda Julai yote ilhali hakuna kinda hata mmoja wa hapo aliyefikia kuruka. Msomaji anayeletewa jumla ya ndege bila kuelezwa ni wangapi wapita njia na ni wangapi wenyeji hajaambiwa kitu cha maana kuhusu bwawa lenyewe.

Joto nalo huleta hatari yake. Maji yanapopungua, kupata joto na kukosa oksijeni, bakteria wa botulizimu huweza kustawi katika tope na katika mizoga. Sumu yao hulemaza misuli, hata bata akashindwa kuinua shingo na kuzama, na funza wa mzoga wake humtia sumu hiyo ndege mwingine atakayewala. Mizoga ikiokotwa mapema mzunguko huo hukatika, lakini sharti pawepo mtu wa kuitafuta, na mgeni wa Jumapili mwenye darubini mara nyingi ndiye wa kwanza kuiona.

Ninachopendekeza ni kwamba kila kiwanda kinachojivunia orodha ya ndege kichapishe, pamoja na orodha hiyo, matokeo ya vipimo vya maji, tope na wadudu wa bwawa, vilivyofanywa na maabara isiyo chini yake, na kieleze ni makinda wangapi wa kila spishi walioweza kuruka msimu huo. Watazamaji nao waache kujali spishi adimu peke yake, wafuatilie viota vilevile wiki hadi wiki wakiwa ndani ya vibanda vya kutazamia, kwa kuwa ndege wanaotaga chini wakifukuzwa mchana wa jua kali mayai hupata joto kupita kiasi na kufa. Kazi za kuchimba tope au kufyeka matete zisubiri hadi makinda wote waondoke, hata kama ratiba ya kiwanda inasema vingine.

Msomaji wako