Mmeandika habari za mchoraji, picha mmeziacha ukutani

Mhariri,

Toleo lako la wiki jana lilimpa ukurasa mzima mchoraji wa kike ambaye kazi zake zinaonyeshwa katika nyumba moja ya zamani hapa Mkomani, Lamu. Nimeusoma wote. Nimejua kwamba ameolewa, ana watoto, huvaa buibui, na kwamba babake alikataa kwanza kisha akaridhia. Nimejua pia kuwa ni jasiri, maana mwandishi wako hakuchoka kulirudia hilo. Kuhusu picha zenyewe niliambulia sentensi moja, kwamba zimejaa hisia na rangi nyingi. Rangi nyingi! Mama huyu anatumia rangi tatu, na mojawapo ni weupe wa chokaa.

Jina lake mmeliandika vya kutosha, mimi sitaliongeza. Nataka kusema juu ya kazi.

Mimi si msomi wa sanaa. Ni fundi wa chokaa, nilivyomkuta babangu, na riziki yangu imetoka katika kupiga lipu na kutengeneza zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwenye nyumba za mji huu. Nilikwenda kwenye maonyesho hayo kwa sababu niliambiwa kuna mtu anachanganya chokaa na rangi, nikataka kuona kama anajua anachofanya.

Anajua, kwa sehemu kubwa. Buluu yake ni ile ya kufulia, ya vipakiti vya dukani, ambayo mafundi wa pwani huitia kwenye chokaa wanapopaka kuta. Kijana mmoja mlangoni alinong'ona kuwa ni ubahili. Si ubahili. Chokaa mbichi ni kali, na ziko buluu za wachoraji, ile ya Prussia kwa mfano, ambazo zikikutana nayo huharibika. Hii ya kufulia huivumilia. Nyeusi yake ni masizi, nayo haina ugomvi na chokaa. Tena kazi nyingi amezifanya juu ya playwudi, si kitambaa, kwa kuwa lipu haitaki kitu kinachonesanesa chini yake. Mtu aliyefikiria hayo yote kabla ya kuanza, kumsifu kwa ujasiri peke yake ni kumpunja.

Sasa ile picha kubwa ya ukumbi wa kwanza. Weusi umechukua karibu yote, umewekwa kwa mwiko wa fundi, kisha umekwanguliwa ungali na unyevu hadi weupe wa chini ukachomoza kama mistari. Unaona mkono ulipokandamiza na ulipoachia. Chini kushoto kuna doa la buluu, dogo, nalo ndilo linalouzuia weusi wote usiporomoke. Nilijaribu kulifunika doa lile kwa kiganja, nikiwa mbali kidogo, na picha nzima ikaanguka. Bi mkubwa mmoja aliyekuwa pale alisema papo hapo kuwa ni shiraa, ile nguo pana iliyoinuliwa kwa vijiti ambayo mabibi wa zamani walipita ndani yake njiani. Mjukuu wake akasema ni tanga lililolowa. Mimi sikuona hiki wala kile. Niliona uzito, na nilikaa mbele yake mpaka adhana ya Magharibi.

Kikaratasi cha maelezo kando ya picha, lakini, kinasema ni mateso ya mwanamke wa pwani. Nani kawaambia? Bi mkubwa yule alikuwa akicheka alipoitaja shiraa. Alikuwa anamkumbuka nyanyake. Maelezo yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza tupu, kwa hiyo alinusurika kuambiwa ateseke.

Tumezoea hapa picha za wageni. Tamasha la wachoraji la Shela limeleta mafundi hodari kutoka Ulaya, wakakaa ufuoni na vichochoroni wakachora majahazi, punda na milango, na wengi wao mkono wao ni safi. Huyu wetu anaishi na punda mlangoni, na hajachora hata mmoja. Hilo peke yake lingetosha kuwa habari kwenye ukurasa wenu.

Lakini mkaona habari ni kwamba yeye ni mwanamke. Yony Waite, mchoraji mwanamke na mmoja wa waanzilishi wa jumba la sanaa la Gallery Watatu la Nairobi, amefanya kazi Lamu miaka na miaka. Na mwenye kushangaa mwanamke wa Lamu kushika brashi hajawahi kumwona bibi harusi akipakwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini. Mama Rosemary Karuga naye, aliyezaliwa 1928 akasoma sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, alikuwa akikata karatasi za vifurushi na kuzibandika zikawa watu na wanyama. Mwaka 1990 kazi zake zikaonyeshwa Studio Museum kule Harlem, New York. Ameshatutoka tangu 2021, na bado hutajwa kwanza kama mwanamke aliyetangulia. Jinsi alivyokata zile karatasi huja mwisho, kama nafasi ipo.

Nisije nikaonekana nimetumwa kumpigia debe. Chumba cha pili kinachosha. Ni nyuso ndogo ndogo, zote zimekwanguliwa mdomo kwa namna moja, na ukifika ya tano umeshaelewa. Waliozitundika wangechagua chache, waache ukuta upumue. Halafu kuna suala la nyufa. Wageni walikuwa wakizionyeshana kwa vidole na kusema huo ndio uchungu wenyewe. Nyufa ziko za namna mbili. Ziko nyembamba kama unywele, ambazo lipu nzuri huzitoa ikitulia, na hizo katika picha za playwudi zinapendeza. Ziko na zile ambazo kingo zake zinainuka. Hizo hutokea tabaka nene likipigwa juu ya tabaka ambalo halijawa tayari, au likikaushwa kwa haraka. Chokaa hukazika kwa kuvuta hewa polepole, ndiyo sababu sisi huilowesha lipu mpya badala ya kuianika. Picha ya kitambaa iliyo kwenye ngazi ina nyufa za namna hii ya pili. Uchungu huo ni wa lipu, na utamwagika sakafuni.

Wenye nyumba ile ya maonyesho nawashukuru kwa mambo mawili: hawatozi kiingilio, na hawakugongea misumari kwenye zidaka za kale. Katika mji ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, wapo waliofanya vibaya zaidi. Ila kufungua saa kumi na moja jioni na kufunga baada ya saa mbili usiku ni kuwahudumia wageni wa mahoteli. Akina mama wa Langoni saa hizo wako jikoni, na watoto wako madrasa au wamekwisharudi kulala. Shule za hapa zina wanafunzi wa Gredi ya 10, ambao tangu mwaka huu wa 2026 wanaweza kuchagua mkondo wa sanaa na michezo; wapelekwe wapi wakaone sanaa? Ngome iko katikati ya mji. Ilimalizwa 1821, ikawa gereza hadi 1984, na leo iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Picha saba au nane zikihamia kule kwa muda, asubuhi, kila mtu atazifikia.

Kwako Mhariri, ombi langu ni umrudishe mwandishi wako kabla maonyesho hayajafungwa, na safari hii asimhoji mtu.

Na kwa wenye nyumba: ukuta ulioshikilia ile picha kubwa mmeupaka rangi ya plastiki, na nyuma yake kuna choo. Jiwe la matumbawe linanyonya maji, rangi hiyo inayazuia yasitoke, na tayari pembeni pamefura malengelenge. Ihamisheni ukuta wa pili kabla ya masika. Kuikwangua rangi hiyo nitakuja mwenyewe, mnilipe nauli ya punda wa kubebea chokaa tu.

Fundi wa chokaa,
Langoni, Lamu