Barua kwa mwanangu Salma: yule farasi wa Barka

Mwanangu Salma,

Asalaam aleikum. Mimi sijambo, mama yako hajambo ila magoti, kaka yako anakusalimu. Nimeona bora nikuandikie, maana kwenye simu mimi na wewe hatumalizi neno. Wewe una haraka, mimi nikishakata ndiyo nakumbuka nilichotaka kusema. Hili nataka likufikie lote.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda Barka kumwona farasi wako, yule jike wa Kiarabu unayetaka kumnunua. Sikukwambia kama nakwenda, kwa sababu sikutaka muuzaji apate habari akamwogesha na kumsuka singa kabla sijafika. Nikamkuta kafungwa chini ya mti wa ghafu, vumbi mwili mzima, na hivyo ndivyo nilivyotaka kumwona.

Ni mzuri, sikufichi. Kijivu chenye mabaka ya duara kama sarafu, paji pana, pua nyembamba, macho makubwa yaliyoshuka chini usoni, na mkia anaubeba juu hata akitembea hatua tatu za kwenda kwenye maji. Nilimpapasa miguu yote minne, hakuna joto wala uvimbe. Nikanyanyua kwato moja moja, akanipa bila ya ubishi. Nikamsogelea puani nikampulizia pumzi kama nilivyokufundisha ulipokuwa mdogo, naye akanirudishia yake. Ningekuwa na miaka yako ningelipa pale pale.

Halafu nikamfunua mdomo.

Farasi huota meno ya utoto kama mtu, na yale ya mbele huyabadilisha kwa zamu. Ya katikati hutoka akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata mitatu na nusu, na ya pembeni kabisa minne na nusu. Akitimiza mitano, mdomo umejaa. Sasa huyu, upande wa kulia juu, jino la pembeni bado ni la utoto: dogo, jeupe, limebanwa shingoni. Mwenzake wa kushoto ndiyo kwanza anachomoza, ufizi bado mwekundu. Na karatasi aliyokutumia muuzaji inasema ana miaka saba.

Miezi michache ningesema si kitu, meno hupitana. Lakini si miaka miwili na nusu. Kwa hiyo ama aliyeandika alikosea, ama karatasi ile ni ya farasi mwingine. Nilimwomba muuzaji mashine ya kusoma chipu ya utambulisho iliyomo shingoni mwa farasi, tulinganishe namba na iliyomo kwenye pasipoti yake. Akasema iko kwa ndugu yake. Simwiti mwongo, pengine na yeye kauziwa mbuzi kwenye gunia. Ila wewe hutatoa rial 1,800 kwa nasaba ambayo hatujui ni ya nani.

Hapo utaniambia, "Baba, basi sema tu hutaki nimnunue farasi wa Kiarabu." Sivyo. Ami yako ndiye anayekwambia hawa wana moto, ununue chotara mtulivu. Mimi hawa nimewalisha, nimewaosha na kuwauguza miaka 26 ya usaisi, na kwa nchi hii ya Oman sioni wa kuwafikia. Ngozi ya Mwarabu ni nyeusi chini ya manyoya hata akiwa mweupe, na jua la kwetu unalijua. Si mkubwa, mara nyingi sentimita 145 mpaka 155 mabegani, lakini mgongo ni mfupi na unabeba. Baadhi yao wana mbavu jozi 17 mahali ambapo farasi wengine wana 18. Kwenye mbio za masafa marefu, zile za kilomita 160 kwa siku moja, wao ndio wanaotamba, hapa Ghuba na hata kwenye milima ya California kwenye mbio za Tevis zilizoanza 1955. Na mbio hizo si za punda afe mzigo ufike. Njiani kuna vituo, daktari wa mifugo anapima mapigo ya moyo, na yasiposhuka mpaka kiwango kilichowekwa, mara nyingi 64 kwa dakika, ndani ya muda uliowekwa, farasi anaondolewa. Mwarabu anashinda kwa sababu moyo wake unarudi chini upesi.

Shida yake ni akili. Anajifunza haraka, na anajifunza kosa lako kwa haraka ile ile. Ukivuta lijamu kwa hofu mara mbili, mara ya tatu anakungojea. Marjani, yule jike wetu wa zamani, unamkumbuka, alijua kufungua komeo la banda kwa mdomo baada ya kunitazama siku mbili. Jike wa miaka minne mikononi mwa mtu ambaye hajapanda farasi tangu skuli ni watoto wawili wanaofundishana. Samahani kukuambia hivyo, lakini ndivyo ninavyoona.

Muuzaji alikuambia ni Saqlawiya, na nilisikia sauti yako ilivyobadilika ulipolitamka neno hilo. Koo tano za farasi wa Kiarabu zinazotajwa ni Kuhailan, Saqlawi, Abayyan, Hamdani na Hadban, na farasi hufuata ukoo wa mama yake. Nasaba naipenda, usinielewe vibaya. Watu wa pwani hii wameishi kwa farasi tangu zamani. Ibn Battuta alipofika Dhofar aliona farasi wanapelekwa Bara Hindi. Na mwaka 1840, Sayyid Said alipopeleka merikebu yake Sultana kutoka Unguja mpaka New York, miongoni mwa zawadi alizomfungia rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Babu yako alikuwa akitusimulia habari hiyo pale Malindi ya Unguja, sisi watoto ambao mnyama wa kupanda tuliyemjua alikuwa punda. Mabedui nao walipouziana farasi walikuwa wakiandika hujja, na mashahidi wanaapa kwamba huyu ni binti wa fulani binti wa fulani.

Lakini hujja inakwambia alikotoka. Alichobeba haikwambii. Na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini Marjani hakuwa na mtoto, nami nikawa nakujibu kwamba Mungu hakujaalia. Alikuwa na mtoto. Alizaliwa mwaka 2001, wewe ulikuwa bado unanyonya. Nilimpandisha Marjani kwa dume mwenye jina, nasaba safi pande zote mbili, nikangoja miezi 11, na usiku wa kuzaa nililala bandani. Akatoka dume mweusi, miguu mirefu kama buibui. Nusu saa hivi kasimama, saa mbili hazijaisha kapata dang'a. Nikamwita Shihabu. Miezi miwili ya kwanza hakukuwa na kiumbe mwenye raha kama yeye; alikuwa akimzunguka mama yake kwa shoti mpaka anaanguka, anainuka, anaanza tena. Mama yako alikuwa akikutoa nje na kukukalisha mkekani umwangalie.

Mwezi wa tatu akaanza makamasi. Tukadhani vumbi. Kisha kikohozi, kisha homa. Daktari akampa dawa, akapata nafuu siku nne, homa ikarudi. Dawa nyingine, nafuu, ikarudi. Nilikuwa nikimfuta pua kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kila baada ya sala, maana alikuwa ameshindwa kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja. Alikufa hana miezi minne, kichwa chake kikiwa kwenye paja langu, na Marjani amesimama juu yetu hali chochote.

Daktari ndiye aliyenieleza. Kuna ugonjwa wa damu ya Kiarabu unaoitwa SCID. Mtoto anazaliwa hana kinga yake mwenyewe. Anaishi kwa kinga aliyoipata kwenye dang'a ya mama, na hiyo ikimalizika, kila mdudu anayepita anaingia. Hakuna dawa ya kumponya. Baba na mama wanaweza kuwa wazima wa afya, wanakimbia, wanang'aa, kila mmoja amebeba nusu ya ugonjwa asiyoiona mtu. Wakikutana wawili kama hao, kila mtoto anayetungwa ana nafasi moja katika nne ya kupata nusu zote mbili. Na kipimo kilikuwapo tangu 1997. Zinang'olewa singa chache na mizizi yake, zinapelekwa maabara, basi. Tulizipeleka baada ya kuzika. Marjani alikuwa nayo, na yule dume alikuwa nayo. Nasaba zao nilizijua mpaka kizazi cha sita, na hilo sikulijua.

Sikumuuza Marjani. Farasi mwenye nusu ile hana maradhi yoyote, ukimpanda anakupeleka, na ulimwona mwenyewe alivyoishi mpaka uzeeni. Angeweza hata kupandishwa kwa dume aliyepimwa akaonekana safi. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa tena usiku ule bandani.

Kwa hiyo unaponiambia unamtaka jike ili "baadaye azae", ujue moyo wangu unakwenda wapi. Jike yeyote utakayemtaka kwa uzazi, singa zake zitapimwa kabla pesa hazijatoka mkononi. SCID kwanza. Pia ile inayoharibu ubongo wa nyuma, inayomfanya mtoto atetemeke kichwa na kuyumba akitembea. Na ile ya mtoto anayezaliwa na rangi iliyofifia, hawezi kusimama, akafa mapema. Zote zina kipimo cha singa. Muuzaji akikataa kukupa nyuzi thelathini za mkia, mkia wenyewe mwachie.

Kuhusu weupe, najua unamtafuta Marjani. Kumbuka nilimnunua akiwa rangi ya moshi. Kijivu huzaliwa mweusi au kahawia, akaenda akipauka mwaka hadi mwaka. Na hawa weupe wakizeeka wengi huota vinundu vyeusi chini ya mkia. Marjani alikuwa navyo, wewe ulikuwa ukivihesabu na kudhani ni kupe. Havikumuua, lakini ukinunua kijivu mwenye umri, inua mkia utazame, usione haya.

Sasa nikuambie ninachokitaka mimi, kisha uamue, maana mshahara ni wako.

Kuna farasi Seeb, wa mtu niliyefanya naye kazi. Kahawia, ana miaka 13, kahasiwa, ukoo wa mama yake ni Hamdani. Amekimbia masafa marefu miaka sita, sasa kapumzishwa. Ana kovu goti la kushoto, la zamani, halimsumbui. Pikipiki ilipita ubavuni kwake nami nimeshika kamba, akageuza sikio moja tu. Mwenyewe anataka rial 600 na anataka ajue anakwenda kwa nani. Huyu hatakupa mtoto, kwa hiyo habari za singa hazimhusu. Atakupa miaka miwili, mitatu ya kujifunza kukaa, kusikiliza, kutoka mwendo wa telki mpaka shoti bila ya kumvuta mdomo. Ukishayajua hayo, tutamtafuta jike wako kwa utulivu, na nitalala bandani nikiwa hai.

Na pesa itakayobaki, utaihitaji. Farasi wa kilo 400 anakula kilo 8 hivi za majani makavu kwa siku, na kiangazi maji hayapungui ndoo nne kubwa. Kwato kila wiki sita mpaka nane. Usimlishe chini mchangani, mchanga unajaa tumboni na kumletea msokoto unaoweza kumuua kwa usiku mmoja. Kila wiki chukua mavi yake, vuruga kwenye ndoo ya maji, ngoja kidogo, kisha tia mkono uguse chini. Ukihisi mchanga, niite.

Unajua ulianza lini haya? Sikukuu ile uliyokuwa mabegani mwangu tukitazama ardha, yale maonyesho ya farasi, farasi wawili wawili wanapita shoti, wapandaji wameshikana mikono, na yule mmoja akasimama wima juu ya tandiko. Mwaka 2018 UNESCO walipoiandika ardha kwenye orodha yao, wewe ndiye uliyenipigia simu unalia kwa furaha. Sijawahi kudhani ni mchezo wa msichana utakaopita.

Muuzaji wa Barka nimemwambia atapata jibu kutoka kwako. Mwombe namba ya chipu. Ikilingana na pasipoti, na daktari wa kwetu akamwona, tutazungumza upya na bei itakuwa nyingine.

Jumamosi nitakuwa Seeb saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua kupanda. Vaa viatu vyenye kisigino kidogo, si raba. Nimemwambia mwenyewe asimtandike mpaka tufike, nataka uone anavyosimama ukanda ukikazwa tumboni. Kile kigwe chekundu cha Marjani hakikupotea, kipo kwenye sanduku la mama yako. Nitakuja nacho.

Baba yako