Orodha ya vifaa vya mtoto mchanga imesahau mbeleko

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu orodha ya vifaa vya mtoto mchanga iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wa familia wa gazeti lako. Binti yangu, ambaye ni mjamzito, aliikata orodha hiyo kwa mkasi, akaibandika kwenye mlango wa jokofu, kisha akanikabidhi mimi kazi ya kununua, kwa kuwa ukoo mzima unajua kwamba tangu nilipostaafu starehe yangu ni kuzunguka Kariakoo na soko la mitumba la Mchikichini nikikagua vigari, vitanda na mabeseni ya watoto, kama wazee wenzangu wanavyoshinda kwenye bao. Nimekwisha kuwanunulia wajukuu wanne, na huyu anayetarajiwa atakuwa wa tano.

Sehemu kubwa ya orodha yenu haina ubaya. Chandarua, nepi za kitambaa, beseni la kuogea na shuka nyepesi ni vitu vya lazima. Sweta tatu kwa mtoto atakayezaliwa Dar es Salaam mwezi Januari ni chumvi iliyozidi, lakini hazitamdhuru mtu. Kilichonishtua ni kuona kitembezi, yaani kile kiti chenye magurudumu ambacho wauzaji wanakiita woka, kikitajwa miongoni mwa vifaa "muhimu", tena kwa maelezo kwamba humsaidia mtoto kutembea mapema.

Nchini Kanada ni marufuku tangu mwaka 2004 kuuza, kuingiza na hata kutangaza vitembezi vya aina hiyo, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimekuwa kikidai kwa miaka mingi hatua kama hiyo ichukuliwe nchini mwao. Sababu haihitaji elimu kubwa. Mtoto ambaye hata kutambaa hajui hupewa ghafla mwendo unaoushinda mkono wa mama, na anakuwa amesimama kwa kimo kinachomwezesha kufikia vitu ambavyo jana hakuvifikia. Huko kwao wanahofia zaidi ngazi za ndani ya nyumba. Huku kwetu, ambako nyumba nyingi hazina ghorofa, ziko hatari nyingine: jiko la mkaa linakaa chini, chupa ya chai iko juu ya meza yenye kitambaa kinachoning'inia, na mlango wa uani una kizingiti. Tena ndani ya kitembezi mtoto hajifunzi kutembea, kwa sababu anasukuma kwa ncha za vidole, miguu yake haioni, na mizani ya mwili anabebewa na kiti.

Nayasema haya nikiwa mkosaji, kwani mjukuu wangu wa kwanza nilimnunulia kitembezi mimi mwenyewe. Siku moja aliteleza nacho hadi mezani, akavuta kitambaa, na birika likamwangukia. Mungu alimhifadhi, chai ilikuwa imekwisha kupoa. Jioni ile ile nilikifungua kitembezi kwa bisibisi, na magurudumu yake vijana wa mtaani wakatengenezea gari la mbao.

Orodha inataja pia kitanda cha mtoto, na inashauri kwamba "cha mtumba kinafaa kwa wenye kipato kidogo." Nakubali kwamba mtumba umetusitiri wengi, nikiwemo mimi, lakini ushauri huo ungepaswa kuambatana na onyo. Kuna vitanda vya zamani ambavyo ubavu wake mmoja hushushwa na kupandishwa ili mama asiiname sana. Marekani ilipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza, hata vilivyokwisha kutumika, kuanzia Juni 2011, baada ya watoto kufariki dunia. Vibanio vinavyoshikilia ubavu huo huchakaa au kuvunjika, ubavu unachomoka upande mmoja, na kati yake na godoro hubaki mwanya unaotosha kumnasa mtoto na kumkosesha pumzi. Kitanda cha namna hiyo nimekiona kwa macho yangu sokoni, ubavu umefungwa kwa waya wa madirisha. Nilipomuuliza kijana aliyekuwa akikiuza kuhusu waya huo, alinijibu kwa heshima zote, "Mzee, hiki ni cha Ulaya, hakifi." Pengine ni kweli kwamba hakifi. Basi mnunuzi akitikise kitanda kwa mikono miwili, ahesabu skrubu, na akikuta misumari mahali pa skrubu aendelee na safari yake. Mito ya kuzungushia kitandani, ambayo picha yenu ilionyesha kwa fahari, nayo iachwe. Mtoto mchanga hulazwa chali, juu ya godoro gumu lililo tambarare, bila mto wa aina yoyote, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Kuhusu kiti cha mtoto cha gari nitasema machache, kwa sababu wengi wetu tunapanda daladala. Mwenye gari na anunue, lakini kabla ya kulipia akigeuze asome chini yake, maana vingi huwa na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapwa kwenye plastiki, na kiti ambacho kimewahi kupata ajali hakifai tena hata kama kwa nje kinang'aa.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mwandishi wenu alikiacha kabisa, nacho ni mbeleko. Katika orodha yenye vifaa zaidi ya ishirini, vikiwemo vigari viwili vya kusukuma (sijui vya kusukumia wapi, kwa mchanga na mitaro ya mtaa wetu wa Tabata), hakuna hata mstari mmoja unaotaja kitambaa kilichotubeba sisi sote. Lipo begi la kubebea mtoto la kutoka ng'ambo, lenye kamba na vifungo. Lakini begi hilo asili yake ni mgongo wa mama wa Kiafrika. Katika miaka ya 1960, muuguzi Mmarekani aitwaye Ann Moore, aliyekuwa Togo na Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, aliona jinsi watoto wanavyotulia migongoni mwa mama zao, na aliporejea kwao na kupata mtoto alitaka naye ambebe hivyo, akasaidiwa na mama yake kushona mfuko ambao ulipata hataza, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, mwaka 1969. Sisi leo tunauziwa mfuko kwa bei ya doti nyingi za kanga. Na huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey alianza mwaka 1978 kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine za kuwatia joto hazikutosha. Utaratibu huo sasa unapendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Marehemu mke wangu alikuwa na masharti yake ya mbeleko: mtoto asipandishwe mgongoni kabla shingo haijakaza, pua yake isifunikwe, na miguu itanuliwe kiunoni kama ya chura, isining'inizwe. Hilo la miguu nimelisikia pia kwa daktari wa mifupa, ambaye anasema hulinda nyonga.

Kwa hiyo ninaomba, Mhariri, orodha hiyo ichapishwe upya ikiwa imesahihishwa, na ukurasa wa familia utenge pembe ndogo ya kutueleza kwa Kiswahili ni vifaa gani vya watoto vimezuiwa au kurudishwa viwandani katika nchi vinakotoka, maana karatasi za maelezo tunazozikuta ndani ya maboksi hazisomwi na mama wala muuzaji. Nakala iliyo kwenye jokofu la binti yangu nimekwisha kuirekebisha kwa kalamu nyekundu, na kanga ya mbeleko nimeinunua jana.

Babu wa wajukuu wanne,
Tabata, Dar es Salaam