Kano za mgongo na magunia yetu ya dagaa

Wapendwa, habari za asubuhi. Jana hapa Kibirizi nimemwona dada yetu ameinama mchangani akigeuza dagaa karibu saa nzima, akainuka na papo hapo akajitwisha gunia. Roho yangu haikutulia.

Pingili za uti wa mgongo zimefungwa kwa kano, nyuzi imara zinazoshika mfupa na mfupa. Ya mbele ni pana, inatuzuia tusipinde mno kwenda nyuma. Ya nyuma ya pingili ni nyembamba, na kiunoni hupungua zaidi. Ndiyo maana diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, ikichomoza, mara nyingi hutokea pembeni yake na kubana mshipa wa fahamu, mguu ukawaka moto. Ipo pia ya njano, huvutika kama mpira na kurudi.

Sasa ukiinama muda mrefu kano hulegea, na hazirudi kukaza mara tu ukisimama. Tafadhali mama zangu, nyookeni, tembeeni dakika kadhaa, gunia baadaye. Mwenye ganzi miguuni au anayeshindwa kuzuia mkojo awahi hospitali leo leo.

Jumamosi saa 10 jioni nitaleta shingo ya mbuzi, muione hiyo kano ya njano kwa macho.