Mwanangu, soma habari ya ile simu

Mwanangu mpenzi,

Jana uliacha simu yako mezani, nikaiona picha uliyoweka: Pablo Escobar na masharubu yake, anacheka. Sikukasirika. Niliingiwa na hofu, ndiyo maana naandika badala ya kukugombeza.

Najua kinachokuvutia. Mtoto wa mkulima na mwalimu, aliyezaliwa mwaka 1949 huko Rionegro, Colombia, akaanzia kwenye magendo hadi genge lake la Medellín likawa ndilo linaloingiza sehemu kubwa ya kokeini Marekani. Watu waliokuwa wakiishi juu ya dampo la Moravia aliwajengea nyumba, na wapo wanaomwombea mpaka leo. Hilo sikufichi. Mwaka 1982 akaingia hata bungeni, akiwa mbunge mbadala.

Waziri wa Sheria, Rodrigo Lara Bonilla, ndiye aliyethubutu kusema hadharani pesa za Escobar zinatoka wapi. Tarehe 30 Aprili 1984 wauaji wa genge hilo wakamfuata kwa pikipiki, wakammiminia risasi ndani ya gari. Aliacha watoto wadogo. Agosti 1989 wakamuua Luis Carlos Galán, mgombea urais, akiwa mkutanoni mbele ya wafuasi wake. Naye alikuwa na wana. Novemba mwaka uleule bomu lao likapasua ndege ya abiria ya shirika la Avianca angani. Wote 107 waliokuwemo walikufa, na yule aliyekuwa akiwindwa, César Gaviria, aliyeshika nafasi ya Galán kugombea urais, hata hakuipanda. Hebu wafikirie hao 107, na waliokuwa wakiwasubiri uwanjani.

Sasa ile simu, ya mwisho ya Escobar. Tarehe 2 Desemba 1993, siku moja baada ya kutimiza miaka 44, Escobar alikuwa amejificha kwenye nyumba moja Medellín, amebaki na mlinzi mmoja tu. Familia yake ilikuwa hotelini Bogotá, Ujerumani walikokimbilia imeshawarudisha. Akampigia mwanawe wa miaka 16. Alijua kabisa kwamba polisi wananasa mawimbi ya simu, lakini akaendelea kuongea. Luteni aliyekuwa na mtambo wa kutafuta simu akamwona dirishani. Na huyo luteni alikuwa mtoto wa kanali aliyeongoza msako. Wakamuulia juu ya paa, miguu mitupu.

Nimelifikiria hilo usiku kucha. Mtu mwenye mabilioni, na kitu pekee alichotamani siku ile ni sauti ya mtoto wake, akashindwa kukipata bila kufa.

Yule kijana baadaye alibadili jina. Akiwa mtu mzima aliwaendea wana wa Lara na wana wa Galán, akakaa nao uso kwa uso, akawaomba msamaha kwa damu ambayo hakuimwaga yeye. Huo ndio urithi alioachiwa na baba yake.

Picha sitakufutia, simu ni yako. Ila leo ukirudi usipitilize chumbani. Nitakuwa nimekaa sebuleni, nakusubiri.

Mama yako